Mwendo na Mwenendo

Truphosa Nekoye aliingia katika ofisi ya Mwalimu Mkuu bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi ya ualimu, akasimama mbele ya meza mpaka Zakaria Obura alipoinua macho.

"Bibi Nekoye," Obura akasema, "mlango wangu una mbao za kubisha."

"Nimeziona. Chemutai amefanya nini?"

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa Agosti, mwaka wa 1958. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo, na upepo uliotoka upande wa ziwa ulikuwa ukimwaga vumbi jeupe la magadi juu ya mji wa Nakuru, hata madirisha ya ofisi ile yakawa kama yamepakwa unga. Upande wa pili wa uwanja, katika chumba cha darasa la saba, walimu wa sayansi waliotoka katika shule mbalimbali za wilaya walikuwa wakimngoja Truphosa aanze kozi ya juma zima. Mwaka uliotangulia watahiniwa walikuwa wameanguka vibaya katika maswali ya nguvu na mwendo. Si wa shule moja, bali wa karibu shule zote. Ofisi ya elimu ikaona kwamba kosa lililofanywa na watoto wengi namna ile haliwezi kuwa la watoto. Ikamtafuta Truphosa, aliyekuwa amerudi kutoka chuoni, ikamwagiza awafunze walimu wenyewe.

Hayo yote yalikuwa yamempendeza mpaka asubuhi ile, Chepchirchir alipokuja mlangoni kwake akilia. Chepchirchir alikaa landhi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, na ndiye aliyemlea Chemutai, binti ya kaka yake, ili apate kusoma mjini. Truphosa alikuwa amemfundisha msichana huyo mpaka darasa la nne. Sasa alikuwa darasa la saba, katika shule ya Obura, na siku ya kufunga shule alikuwa amefukuzwa. Babake alifanya kazi katika shamba la Mzungu huko Rongai. Lori la shamba lingekuja mjini Ijumaa na kumchukua. Kule shambani shule ilikoma darasa la nne. Baada ya hapo kulikuwa na kuchuma maua ya pareto.

"Imeonekana kwamba mwenendo wake si mwema," Obura akasema. "Kwa hiyo imeamuliwa aondolewe."

"Mwenendo gani?"

Obura aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu, mwenye miwani, ambaye watoto walimwogopa kwa sababu hakupaza sauti kamwe.

"Nilikuwa nikifundisha somo hilohilo ulilokuja kutufundisha. Nikauliza, mpira uliopigwa teke, ukiwa hewani, unasukumwa mbele na nguvu gani? Jibu ni nguvu ya teke. Yule msichana akasimama mbele ya darasa zima, akasema, 'Mwalimu, mguu umebaki chini.'"

"Na darasa likacheka."

"Likacheka."

"Likamcheka nani?"

"Nilimwamuru apige magoti, alitamke jibu lililo sahihi. Kupiga magoti, alipiga. Kutamka, hakutamka. Mpaka kengele ikalia, hakutamka."

"Kwa sababu alikuwa amesema kweli."

"Sikuzungumzia kweli, Bibi. Nimezungumzia adabu." Akaichukua kalamu yake. "Walimu wanakungoja."

Truphosa alivuka uwanja akiwa na hasira. Hakukasirika kwa sababu Obura alikuwa amekosea somo. Walimu wote waliokuwa wakimngoja mle ndani walikuwa wamelikosea, na ndiyo sababu walikuwa wameitwa. Alikasirika kwa sababu mtoto mmoja katika wilaya nzima alikuwa amelipata, na huyo ndiye aliyefukuzwa.

Aliwatoa walimu nje. Palikuwa na mkokoteni wa shule, ule wa kubebea kuni. Akamwita Ogola, mwalimu wa Longonot, mtu mnene mcheshi aliyesoma pamoja na Obura zamani, akamwambia ausukume kwa kishindo kimoja kisha auache. Ogola akausukuma. Mkokoteni ukaenda, ukapunguza mwendo, ukasimama karibu na mlingoti wa bendera.

"Kwa nini umesimama?"

"Nguvu imeisha," Ogola akajibu, na wengine wote wakaitikia kwa vichwa.

"Nguvu hiyo ilikuwa wapi?"

"Ndani ya mkokoteni. Niliitia mimi mwenyewe."

"Ulipousukuma, mikono yako ilikuwa imeushika. Sasa imeuacha. Imebaki nini ndani yake?"

"Bibi Mwalimu," Ogola akasema, akijipapasa tumbo, "mimi nikila ugali saa sita ninajaa nguvu. Ikifika saa kumi imekwisha, wala hakuna aliyeniibia. Sembuse mkokoteni?"

Walicheka, na Truphosa akawangoja wamalize.

"Wewe umekula, Mwalimu Ogola. Mkokoteni haujala kitu."

Siku hizi vitabu vyetu vina neno *kani* kwa lile jambo la kitu kimoja kukisukuma au kukivuta kingine. Siku zile neno lilikuwa moja tu, *nguvu*, nalo lilibeba mzigo wa maneno mengi. Nguvu za mwili zilikuwa nguvu. Nguvu za chakula, nguvu. Nguvu za serikali, nguvu. Na msukumo wa mkono juu ya mkokoteni, nao ulikuwa nguvu. Mwalimu alifundisha asubuhi kwamba nguvu haipotei, na alasiri kwamba nguvu imeisha, wala yeye mwenyewe hakusikia kwamba amejipinga.

Aliwarudisha ndani. Akaegemeza ubao juu ya vitabu, akaiachilia gololi iteremke, kwanza juu ya mchanga, halafu juu ya sakafu ya saruji, halafu juu ya kioo cha dirisha alichokuwa amekilaza chini. Kila mara gololi ilikwenda mbali zaidi.

"Nguvu niliyoitia ni ileile, kwa maana nimeiachilia pahali palepale. Kama nguvu ndiyo inayoisha, kwa nini juu ya mchanga iishe upesi na juu ya kioo ikawie?"

"Mchanga unaizuia," akasema Rahab Wanjugu, mwalimu wa Gilgil, mama mwembamba mwenye sauti ya chini ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba.

"Na kama pasingekuwa na kitu cha kuizuia?"

Rahab alifikiri. "Ingekwenda tu."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka Gilgil," Ogola akadakia, "na pale kwenye kizuizi cha barabara askari wangeidai barua ya ruhusa."

Walicheka tena, lakini si Rahab, ambaye alikuwa na barua kama hiyo ndani ya mfuko wake, na siku zile za Hali ya Hatari watu wa kabila lake wasingeweza kufika Nakuru bila hiyo.

Siku ya Jumanne walikuwa wameyakariri yote. Waliweza kusema kwamba kitu kinachokwenda huendelea kwenda mpaka kizuiwe. Halafu Truphosa aliwauliza juu ya jiwe lililorushwa, na wote, mmoja baada ya mwingine, wakamwambia kwamba jiwe lina nguvu ya mkono ndani yake. Alikivunja kipande cha chaki kwa kukikaza mno. Nyuma kabisa, katika dawati la watoto lililokuwa dogo mno kwa miguu yake, Obura alikuwa amekaa akisikiliza. Alikuwa mwalimu wa sayansi kama wengine, naye hakukosa kipindi hata kimoja.

Kila mara alipouona uso wa Obura, Truphosa alikumbuka sanduku lililokuwa likifungashwa kule landhi, na Ijumaa iliyokuwa ikija.

Alasiri hiyo aliacha kufundisha, akawasikiliza tu wakizungumza. Ndipo alipogundua kosa lilikojificha. Halikuwa katika hesabu wala katika majaribio. Lilikuwa katika sarufi. Kila mmoja wao alisema ama kwamba kitu *kina nguvu*, kana kwamba nguvu ni mali iliyomo mfukoni. Ama kwamba kitu *kinasukumwa*, halafu akaikomesha sentensi hapohapo, bila kumtaja anayesukuma.

Asubuhi ya Jumatano aliwatangazia sheria.

"Kuanzia leo, ndani ya chumba hiki, hakuna kitu kitakachokuwa na nguvu. Maneno 'kina nguvu' nimeyapiga marufuku. Nguvu si mali ya kitu. Ni tendo la kitu kimoja juu ya kingine. Tena, mtu akitumia kauli ya kutendwa, lazima amtaje mtendaji. Ukisema 'linasukumwa', mwenzako atakuuliza, 'Na nani?' Ukikosa wa kumtaja, basi halisukumwi."

"Na hata kama ni kitu, tuseme 'na nani'?" mtu mmoja akauliza.

"Sarufi ingetaka 'na nini'. Lakini nataka mmtafute mhusika kama polisi anavyomtafuta mwizi. Semeni 'na nani'."

"Hata tukinywa chai?" Ogola akauliza.

"Hata mkinywa chai."

Haikupita saa moja kabla sheria haijageuka mchezo. Wakati wa chai mtu alisema kwamba mandazi yamemalizwa, na sauti zikamvamia pande zote, "Na nani?", naye akajibu, "Na Ogola," na Ogola akakiri kwa kinywa kilichojaa. Walipolalamika kwamba madirisha yamechafuliwa, "Na nani?", "Na upepo." Walipomuuliza Rahab kilichomvimbisha mdomo, alieleza kwamba alikuja kwa lori la viazi. Pale Mbaruk ng'ombe walikatiza barabara, dereva akafunga breki.

"Nikasukumwa mbele," Rahab akasema, "mdomo ukagonga chuma cha kichwa cha lori."

"Na nani?" wakaitikia.

Rahab akaanza kumtafuta wa kumtaja. Mchezo ukakatika. Aliligeuza jambo hilo kichwani, na wote walimwona akiligeuza.

"Nyuma yangu palikuwa na gunia la viazi," akasema polepole. "Lakini gunia halikunigusa. Nilikuwa nimesimama, nimeshika kamba kwa mkono mmoja. Hapakuwa na mtu."

"Basi nani alikusukuma?" Truphosa akauliza.

Kila mmoja wao alikuwa amepanda lori, na kila mmoja maisha yake yote alikuwa amesema kwamba gari likifunga breki watu husukumwa mbele. Sasa walikuwa wakimtafuta anayewasukuma, wala hawamwoni.

"Hakuna aliyemsukuma."

Aliyesema alikuwa Obura. Alikuwa ametoka katika lile dawati dogo, amesimama wima.

"Lori ndilo lililozuiwa, na breki na barabara. Yeye hakuzuiwa na yeyote. Aliendelea na mwendo aliokuwa nao tangu Gilgil, mpaka alipozuiwa na kile chuma. Hakusukumwa mbele. Aliachwa aende."

Ogola akageuka. "Omera, ndugu yangu, rudia."

Obura akarudia, akaeleza kwa mfano wa baiskeli na kikapu cha mayai, taratibu, neno kwa neno, vizuri kuliko Truphosa mwenyewe alivyokuwa ameeleza siku mbili. Alikuwa mwalimu, kweli. Nyuso za walimu zilifunguka moja baada ya nyingine, na Truphosa, ambaye alipaswa kufurahi, alihisi hasira yake ikipanda upya, kwa sababu sasa alijua kwamba mtu huyu hakuwa na udhuru wa ujinga.

"Basi tueleze na habari ya mpira, Bwana Obura," akasema. "Umepigwa teke. Uko hewani. Unasukumwa mbele na nani?"

Obura alimgeukia.

"Unavutwa chini na dunia," akasema. "Unazuiwa na hewa. Mbele hausukumwi na yeyote."

"Na mguu uko wapi?"

"Umebaki chini," Obura akasema, na akakaa.

Walimu wengine hawakujua kilichokuwa kimepita kati ya watu wale wawili. Kipindi kilipokwisha Truphosa alimfuata Obura hadi katika kibaraza cha ofisi.

"Mwite basi. Leo. Mtoto alijibu sawasawa."

"Mpira ni jambo moja, Bibi Nekoye. Adabu ni jambo lingine."

"Ulimpigisha magoti kwa jibu ulilolitoa wewe mwenyewe sasa hivi mbele ya wenzako, nao wakakusifu."

"Nilimpigisha magoti kwa sababu darasa lilicheka." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda kidogo. "Unalijua darasa lile? Watoto wa reli, watoto wa mashamba, watoto wasiojua baba zao wamefungwa wapi. Kila mmoja ana lugha ya mamake, na nje kuna bunduki kila pembe. Ninawakalisha kimya kwa kitu kimoja tu, kwamba ninachokisema ndivyo kilivyo. Wakinicheka leo, kesho nitawafundisha kwa kitu gani?"

"Kwa sayansi," Truphosa akasema.

"Wewe una kozi ya juma moja. Mimi nina mwaka mzima." Akafungua mlango. "Jambo hilo limekwisha kuamuliwa."

Alhamisi, baada ya kipindi cha mwisho, Truphosa alikwenda landhi. Chemutai alikuwa amechuchumaa mlangoni akikisugua kishikio cha sanduku la bati, msichana mwenye mikono mirefu na uso mkavu. Alisimama akaamkia kwa heshima, akampa mwalimu wake kigoda. Chepchirchir alikuwa akikanda unga, hataki kuongea.

"Mwalimu Mkuu akikwambia urudi," Truphosa akauliza, "akikwambia kwanza upige magoti, utapiga?"

"Nitapiga. Magoti ni yangu, mwalimu."

"Na kusema?"

Chemutai aliitazama mikono yake. "Nilijaribu kusema. Nilijaribu siku ile, nilipokuwa chini pale. Lakini kila nikitaka kusema, ninauona mguu. Uko chini kweli. Mpira umekwenda, mguu uko palepale."

"Si ungesema tu," Chepchirchir akamkaripia kutoka ndani. "Maneno mawili. Mdomo ungeuma?"

"Shangazi, ingekuwa uongo."

"Uongo wa mpira," Chepchirchir akasema kwa uchungu. "Kesho unakwenda kuchuma maua ya Mzungu kwa ajili ya uongo wa mpira."

Truphosa aliondoka bila kunywa chai aliyokaribishwa, kwa kuwa alihofu kwamba akifungua kinywa, yale yatakayotoka hayatamfaa mtoto kusikia. Njia nzima vumbi la magadi lilimwingia machoni. Hakupangusa.

Ijumaa asubuhi lori la shamba lilisimama langoni mwa shule, limejaa magunia ya pareto yaliyokuwa yakipelekwa kiwandani, na harufu yake kali ikaja mpaka darasani. Dereva alikuwa amekubali kumpitia msichana kwanza, hapo langoni palipokuwa njiani, kwa masharti kwamba asichelewe. Kupitia dirishani walimu waliweza kumwona Chemutai amekaa juu ya sanduku lake, na shangazi yake amesimama kando, kitambaa kimemfunika uso.

Obura alisimama mbele kufunga kozi. Alimshukuru Bibi Nekoye kwa maneno mazuri. Alisema kwamba yeye binafsi amefundisha somo la mwendo kwa miaka mingi, na kwamba juma hili amelielewa. Walimu wakapiga makofi. Makofi yalipokoma, Truphosa alisimama.

"Kabla hatujatawanyika," akasema, "naomba Mwalimu Mkuu awaeleze walimu kwa nini msichana yule amekaa langoni juu ya sanduku."

Vichwa vyote viligeuka dirishani, kisha vikarudi.

Obura alivua miwani yake. "Ni jambo la shule, si la kozi. Lakini kwa kuwa mmeuliza, si siri. Msichana yule ameondolewa shuleni kwa ajili ya mwenendo wake."

"Na nani?" Ogola akasema.

Alisema kama alivyokuwa amesema juma zima, kwa mazoea, kikombe kikiwa mkononi, na walimu wakacheka kama walivyokuwa wamecheka juma zima. Halafu Ogola aliuona uso wa rafiki yake. Akaweka kikombe.

"Niwie radhi, omera. Ulimi umezoea."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Dereva alipiga honi langoni, na Rahab Wanjugu akasimama, akiwa ameikunja mikono yake mbele kama mtu anayesali.

"Lakini swali limekwisha kuulizwa, Bwana Mwalimu Mkuu," akasema kwa sauti yake ya chini. "Ameondolewa na nani?"

"Na shule."

"Shule ni kuta na mabati. Kuta hazimwondoi mtu."

"Imeonekana kwamba—"

"Na nani?" akauliza mwalimu mwingine, na wa tatu akarudia, wala safari hii hakuna aliyecheka.

Obura alikuwa akiipangusa miwani yake kwa ncha ya koti, akaipangusa mpaka vumbi lote likawa limetoka, na bado akaendelea. Angeweza kuwafukuza chumbani, kwa maana chumba kilikuwa chake. Angeweza kuwakumbusha kwamba yeye ni mkuu, na wao ni wageni. Lakini alikuwa amekaa katika dawati lile siku zote, amecheza mchezo ule, na siku ya Jumatano alikuwa ameushinda. Hakuwa mtu wa kuikiuka sheria ambayo ameielewa.

"Na mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemwondoa."

"Kwa kosa gani?" Truphosa akauliza.

"Nilimuuliza mpira ulio hewani unasukumwa na nguvu gani. Akaniambia mguu umebaki chini."

Rahab alikaa polepole. Ogola alikuwa akitazama sakafu.

Honi ililia tena, na lori likaanza kunguruma. Obura alivaa miwani yake, akatoka. Walimu walimwona akivuka uwanja kwa hatua zake ndefu, bila kukimbia, akafika langoni sanduku likiwa limekwisha kupandishwa juu ya magunia. Truphosa alimfuata.

"Lishushe," Obura akamwambia dereva.

"Mzee, nimechelewa. Lishushe mwenyewe."

Basi Mwalimu Mkuu alipanda juu ya gurudumu kwa suruali yake iliyopigwa pasi, akalishusha sanduku mwenyewe, na unga wa pareto ukamwagika mabegani mwake. Chepchirchir alikiondoa kitambaa usoni mwake taratibu, kama asiyeamini.

"Amekubaliwa?" akauliza.

"Nimemkubali," Obura akasema.

Chemutai alisimama mbele yake, mikono nyuma. Magoti yake yalianza kukunjika.

"Simama," Obura akasema upesi. Alimtazama Truphosa. "Bibi Nekoye, umepata ulichokitaka. Bado umekasirika?"

"Bado."

"Mtoto amerudi. Hasira hiyo inasukumwa na nani tena?"

"Haisukumwi, Bwana Obura. Imeachwa iende. Umemwambia ukweli Ogola, umewaambia walimu. Mtoto mwenyewe hujamwambia. Wala wale waliomwona chini, amepiga magoti, hujawaambia."

Obura akageuka, akarudi ofisini huku akijikung'uta mabega.

Muhula mpya ulianza mwezi wa Septemba. Siku ya kwanza alasiri, Chemutai alipita nyumbani kwa Truphosa, akamkuta jikoni akikata kabichi.

"Alisemaje?" Truphosa akauliza kabla hajamkaribisha kuketi.

"Aliandika ubaoni. Aliandika, 'Mpira ulio hewani unasukumwa mbele na.' Halafu akaacha. Akageuka akatuuliza, na nani? Wote wakanyamaza. Wengine wakanitazama mimi. Akangoja sana, mwalimu. Halafu akachukua kitambaa akaifuta sentensi yote."

"Akakuomba radhi?"

"Hapana. Alifuta." Chemutai alifikiri. "Alifuta ubao mzima, hata tarehe ya leo."

Truphosa aliigeuza kabichi upande wa pili, akaendelea kuikata, na kisu kikagonga ubao kwa nguvu, pigo baada ya pigo, mpaka msichana akanyanyuka akaenda kuchota maji.